"Uzee Tu" Si Matibabu

Yapo maneno matatu ambayo wazee wetu wamekwisha kuyazoea wafikapo zahanati: "Ni uzee tu." Mzee ameeleza kuwa haoni vema, au kwamba miguu imevimba, huambiwa hayo, akashika fimbo yake akarudi nyumbani. Sisi twaona kuwa jibu hilo ni la uvivu.

Hatukatai kuwa uzee upo, tena umo ndani kabisa ya mwili. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, Leonard Hayflick, pamoja na mwenzake Paul Moorhead, walionyesha kuwa chembe hai za binadamu zikikuzwa maabarani hujigawa mara 50 hivi, kisha hukoma. Baadaye ilibainika kuwa ncha za kromosomu, ziitwazo telomeri, hupungua kila chembe inapojigawa. Utafiti juu ya ncha hizo ulipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Chembe zilizokoma hazifi zote. Baadhi hubaki palepale zikitoa kemikali zinazozidhuru chembe jirani.

Ndiyo maana kidonda cha mzee hukawia kupona, na mishipa yake ya damu hukakamaa. Figo nazo huchuja polepole, na hili halina budi kutiliwa mkazo, kwa kuwa dawa nyingi hutoka mwilini kwa njia ya figo: kipimo kimfaacho kijana wa miaka 25 chaweza kumdhuru babu yake mwenye miaka 80. Hata kiu hupungua. Mzee aweza kukaukiwa maji wakati wa joto bila kuomba kikombe kimoja.

Lakini kupungua nguvu ni jambo moja, na ugonjwa ni jambo jingine. Mtoto wa jicho huja na umri, naam, ila huondolewa kwa upasuaji mfupi, na aliyekuwa akishikwa mkono akatembea peke yake. Mzee akichanganyikiwa ghafula, huo si uzee. Huenda ni malaria, homa ya mapafu au ukosefu wa maji.

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania, ya mwaka 2003, ilimtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na matibabu yake yakazungumzwa humo. Twawaomba waganga wamwulize maswali yale yale wamwulizayo kijana: maumivu yalianza lini, yako wapi, na anameza dawa gani. Kisha wampime, ndipo watamke habari ya umri wake.