Kwa nini pakiti ya ORS inataka lita moja kamili

Mtoto akianza kuharisha, nyumba nyingi, iwe Igogo au Mabatini jijini Mwanza, hukimbilia soda au juisi. Nia ni njema, ila utumbo hauoni hivyo.

Kila seli ya utumbo imezungukwa na utando mwembamba wa tabaka mbili za mafuta. Chumvi na sukari haziwezi kupenya mafuta hayo zenyewe. Hungoja milango ya protini iliyopachikwa humo. Mlango mmoja una masharti: hauipitishi glukosi mpaka iandamane na chumvi. Zikiingia pamoja, maji huzifuata. Robert Crane, mwanabiokemia wa Marekani, aliieleza siri hiyo Prague mwaka 1960. Sumu ya kipindupindu huifanya seli imwage maji na chumvi, lakini mlango huu haiugusi. Ndiyo maana ORS husaidia hata hapo.

Ila maji huelekea palipokolea. Aliyewahi kumtia sato chumvi amemwona akitoa maji. Soda, au pakiti iliyokorogwa kwenye nusu lita, huyavuta maji ya mwili yarudi tumboni, na kuhara kunazidi.

Basi pakiti ya lita moja iingie yote kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Yanayobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kwa kijiko, polepole. Kunyonya kusikatizwe. Macho yakizama, akilegea au akishindwa kunywa, apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku wa manane.