Chai ya Boba Mtaani: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kuagiza

Mikahawa midogo ni sehemu ya maisha ya Kuze na mitaa mingine ya Mji wa Kale. Mkazi huvuka uchochoro tu akapata viazi karai, mishikaki au glasi ya maji ya ukwaju. Siku hizi, katika miji ya Kenya, orodha za mikahawa zimeanza kuongezewa vitu vipya: chai ya boba, tambi za kukaanga kwa sosi ya soya, wali wa kukaanga kwa mtindo wa Kichina. Wateja wake wengi ni vijana na familia zenye watoto. Makala haya yanaeleza vitu hivyo ni nini na mambo ambayo mkazi anafaa kuyaangalia kabla ya kuagiza.

Boba ni nini?

Chai ya boba ilianzia Taiwan katika miaka ya 1980. Ni chai, mara nyingi ya maziwa na barafu, iliyotiwa punje nyeusi za kutafuna ambazo hunyweka kwa mrija mpana. Punje hizo hutengenezwa kwa wanga wa muhogo, zao lile lile ambalo Wapwani hulichoma na kulitia pilipili na ndimu. Weusi wake hutokana na sukari ya kahawia au rangi ya chakula. Punje huchemshwa mpaka zilainike, kisha hulowekwa kwenye shira.

Kinywaji chenye vitu vya kutafuna si kigeni Mombasa. Waliozoea faluda wanakijua. Vyakula vya Asia navyo si vigeni. Biriani, sambusa na bajia zimekaa Pwani muda mrefu hata zikahesabika kuwa za hapa. Tofauti ni kwamba vyakula hivi vipya vina viungo ambavyo wengi hawavijui kwa sura wala kwa jina. Ndiyo maana maswali ni muhimu.

Watoto wadogo wasipewe punje

Hatari kubwa ya boba ni kupaliwa. Punje ni laini, ya mviringo na inateleza, na mtoto akivuta mrija kwa nguvu inaweza kupita moja kwa moja hadi kwenye njia ya hewa. Mwaka 2012 taasisi ya Ujerumani inayotathmini hatari za vyakula ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili, hasa kwa watoto wa hadi miaka 4. Mtoto wa umri huo anunuliwe kinywaji kisicho na punje. Mkubwa wake anywe akiwa ameketi, bila kukimbia wala kucheka na punje mdomoni.

Mtoto akipaliwa lakini anakohoa kwa nguvu, aachwe akohoe. Asipoweza kukohoa, kulia wala kupumua, ainamishwe mbele na kupigwa kwa kiganja mara 5 mgongoni, katikati ya mabega. Kitu kisipotoka, na mtoto ana zaidi ya mwaka 1, abanwe tumbo mara 5, juu kidogo ya kitovu, kwa kusukuma ndani na juu. Hatua hizo zirudiwe kwa zamu huku mtu mwingine akiita msaada. Kidole kisiingizwe kooni kwa kubahatisha, kwani kinaweza kusukuma punje ndani zaidi.

Sukari

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati anayopata mtu kwa siku. Kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai, na nusu yake ni bora zaidi. Kikombe kikubwa cha boba chenye shira kamili kinaweza kumaliza sehemu kubwa ya kiasi hicho kwa mara moja. Mteja anaweza kuomba kipimo cha shira kipunguzwe, au achague kikombe kidogo. Mwenye kisukari akumbuke kwamba punje zenyewe ni wanga, hata zisipotiwa shira.

Maji, barafu na wali

Kisiwani, mfereji ukikauka, wengi hutumia maji ya visima au ya mikokoteni. Barafu haiui vijidudu. Maji machafu yakigandishwa, uchafu wake hurudi kinywajini barafu ikiyeyuka. Mteja ana sababu nzuri ya kuuliza barafu imetengenezwa kwa maji gani.

Wali nao una hatari yake. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukiachwa mezani kwenye joto la Mombasa huzaana na kutoa sumu. Sumu hiyo inaweza kubaki hata wali ukikaangwa upya. Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2. Kiwekwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60, au kwenye friji chini ya nyuzi 5. Punje za boba nazo hupikwa kidogo kidogo kwa matumizi ya siku hiyo hiyo, hazilazwi.

Halali na mzio

Jeli zinazowekwa kwenye vinywaji huenda zikawa na jelatini ya mnyama. Baadhi ya mapishi ya Kijapani na Kichina hutumia mvinyo wa mchele. Sosi ya soya huwa na soya na mara nyingi ngano, na tambi nyingi hupikwa kwa kamba, karanga au mayai. Anayezingatia halali, au mwenye mzio, aombe kuonyeshwa pakiti au chupa yenyewe. Kuomba hivyo si ubishi: Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora ufaao na habari anazozihitaji kuzihusu.

Vibali

Katiba, kupitia Jedwali la Nne, imeipa kaunti jukumu la kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouza chakula kwa umma. Kwa hivyo kila mkahawa, uwe mkubwa au wa chumba kimoja chini ya nyumba, unapaswa kuwa na:

• kibali cha biashara cha mwaka huu;
• leseni ya usafi wa chakula;
• vyeti vya afya vya wahudumu wote wanaoshika chakula, vinavyofanywa upya kila baada ya miezi 6;
• mahali pa kunawia mikono, maji na sabuni.

Mkazi akiona kasoro, au akiugua baada ya kula, aende hospitali kwanza. Kisha aripoti kwa afisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo. Kwa wakazi wa Kuze ni ya Mvita. Ataje mkahawa, siku na saa aliyokula, alichokula na waliokula pamoja naye. Abaki na risiti, na chakula kilichosalia kama kipo, kikiwa kimefunikwa kwenye friji. Ripoti ya mapema humwezesha afisa kufika wakati bado kuna cha kupimwa, kabla wengine hawajaugua.