Motokaa za Otomatiki Mteremkoni

Wako wanachama ambao, wakifika mteremkoni na magunia ya karafuu, hutia gea katika N ili kuokoa petroli. Jambo hili ni la hatari. Katika N injini haizuii tena magurudumu. Uzito wote huzielemea breki, nazo zikipata moto sana hazishiki. Wala petroli haiokolewi: motokaa nyingi za siku hizi, zikiteremka katika D bila ya kukanyagwa mafuta, hujikatia petroli zenyewe. Mteremko ukiwa mkali, punguza mwendo kwanza, kisha tia 2 au L. R na P zisiguswe mpaka motokaa imesimama kabisa. Ukiegesha, vuta breki ya mkono, ndipo utie P. Mavuno hupatikana tena; roho haipatikani.