Waya wa kuvuta umeme hadi kwenye turubai: kagua kabla ya shughuli

Kukiwa na msiba au harusi kijijini, kazi ya kwanza ya vijana ni kufunga turubai. Ya pili ni umeme. Inatafutwa nyumba ya jirani ambayo LUKU yake ina uniti, ekstensheni inapitishwa dirishani, inaunganishwa na nyingine, na nyingine tena, mpaka taa ziwake na spika ilie. Mara nyingi hakuna aliyekagua chochote.

Waya huo ndio tunaouzungumzia leo. Nyaya za ndani ya nyumba zimewekwa na fundi, zimefichwa ukutani au juu ya dari. Huu wa shughuli unalala chini, unakanyagwa, unanyeshewa na unachezewa na watoto. Kwa sababu ni wa siku moja tu, tunaudharau.

Tuseme ukweli, hata sisi wa redio tumewahi kukosea. Tukiwa kwenye matangazo ya nje, tulivuta umeme kwa rili ya mita 50, tukafungua mita kama 10 tu kwa kuwa nyumba ilikuwa karibu. Akina mama wakaomba kuchomeka birika la chai kwenye rili hiyo hiyo, tukawakubalia. Baada ya muda mzee mmoja aliyekaa jirani nayo akatuambia, "Wanangu, hapa kuna kitu kinaungua." Tulipozima swichi ya ukutani na kuigusa ile rili, ilikuwa ya moto na plastiki ya waya wa ndani imeanza kulainika. Chai ilichemshwa kwa kuni.

Kwa nini waya unapata moto

Umeme ukipita kwenye waya, waya hupata joto. Umeme ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Waya ulionyooshwa hupoozwa na hewa. Uliokunjwa kwenye rili hauna pa kutolea joto, mzunguko mmoja unaupasha mwingine. Ndiyo maana rili nyingi zimeandikwa namba mbili za wati: kubwa ni kwa waya uliofunguliwa wote, ndogo ni kwa waya uliobaki umekunjwa. Kwa hiyo fungua waya wote, hata kama unahitaji mita chache.

Jambo la pili ni mzigo. Umeme wetu ni volti 230, na soketi ya kawaida ni ya ampia 13, yaani kama wati 3,000 kwa jumla. Birika moja la wati 2,000 linachukua karibu ampia 9. Ukiongeza jiko la umeme, umeshapita kiwango. Taa na spika si tatizo kubwa. Tatizo ni vitu vya kupasha moto: birika, jiko, pasi na hita. Hivyo visichomekwe kwenye waya wa turubai.

Ekstensheni za bei rahisi zina hatari yake. Plagi ina fyuzi ya ampia 13, lakini waya wa ndani ni mwembamba na hauwezi kubeba ampia hizo. Hapo waya utayeyuka kabla fyuzi haijakatika.

Maungio na maji

Waya ukiwa mfupi, wengi wetu tunasokota nyaya mbili kwa mkono na kuzungushia tepu au kipande cha nailoni. Sehemu hiyo haishiki vizuri, kwa hiyo joto hukusanyika hapo. Tepu ikilegea, shaba inabaki wazi majanini. Ni bora kuazima waya mmoja mrefu kuliko kuunga mifupi mitatu. Pia tuache kuchomeka nyaya tupu kwenye soketi na kuzibana kwa kijiti cha kiberiti.

Mvua ikinyesha, soketi iliyo chini huingia maji, na aliyesimama pekupeku kwenye tope anakuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Inua soketi juu ya meza au matofali, mahali pasipofikiwa na maji. Kuifunga kwa mfuko wa nailoni hakutoshi, kwa sababu maji hujipenyeza na joto linakwama ndani. Mvua ikishaifikia, zima umeme kutoka nyumbani. Shughuli inaweza kuendelea kwa taa za betri.

Angalia pia nguzo za turubai. Nyingi ni za chuma. Usizungushie waya kwenye nguzo. Plastiki ikikwaruzika, turubai zima linaweza kuwa na umeme, na kila anayeegemea nguzo yuko hatarini.

Fyuzi haimlindi mtu

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunaamini kwamba mtu akinaswa na umeme, fyuzi itakata. Fyuzi ya ampia 13 imewekwa kulinda waya usiungue. Umeme unaoweza kumuua mtu ni mdogo mno kuliko huo, na fyuzi haiwezi kuuona.

Kifaa kinachoweza kumlinda mtu ni kile kinachokata umeme unaovuja. Umeme ukianza kuvuja kwenda ardhini kwa miliampia 30, hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Miliampia 30 ni zaidi ya mara 400 chini ya ampia 13. Fundi anaweza kukifunga karibu na swichi kubwa ya nyumba, na kina kitufe chenye herufi T cha kukijaribu. Ukikibonyeza umeme usipokatika, kifaa hicho hakikulindi. Kama jirani anacho, vuta umeme kutoka kwake.

Hakikisha pia ekstensheni ina nyaya tatu ndani. Wa kahawia unaleta umeme, wa bluu unaurudisha, na wa kijani na njano ni athi. Ekstensheni ya nyaya mbili haina athi, hivyo amplifaya au friji ya chuma ikipata hitilafu, bodi lake linaweza kukaa na umeme likisubiri wa kuligusa.

Utaratibu wa kuunganisha

1. Kagua waya wote kwa macho, kuanzia plagi hadi soketi, kabla ya kuuchomeka. Ukiona mpasuko au alama ya kuungua, usiutumie.
2. Pitisha waya pembeni, mbali na njia ya watu na magari.
3. Unganisha kwanza upande wa turubai. Plagi ya ukutani iwe ya mwisho.
4. Baada ya nusu saa, gusa plagi kwa nje. Ikiwa ya moto, zima na upunguze mzigo.
5. Wakati wa kufungua, anza kuchomoa ukutani. Usikunje waya wenye umeme.

Mtu akinaswa

Usimshike. Kimbia ukazime swichi kubwa karibu na mita. Kama huwezi kuifikia, simama juu ya kitu kikavu na usukume waya mbali naye kwa mti mkavu. Umeme ukishakatika, angalia kama anapumua. Kama hapumui, weka viganja katikati ya kifua na ubonyeze kwa nguvu na haraka, kati ya mara 100 na 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta usafiri wa hospitali. Hata akiamka na kusema yuko salama, apelekwe, kwa sababu moyo unaweza kuleta shida baadaye.

Kila shughuli ina mtu wa vyakula na mtu wa viti. Tunashauri mteue pia mtu wa umeme, mmoja tu, asiyelewa, anayejua swichi kubwa iko wapi na mwenye ufunguo wa nyumba hiyo. Mtu huyo ndiye pekee wa kuruhusu kitu kichomekwe. Akina mama wakija na birika, ajibu kwa heshima kwamba hapa hapana, tuwashe kuni.