Kubadilisha Injini za Magari: Mambo ya Kupimwa Kwanza

Gari halichakai sehemu zake zote kwa wakati mmoja. Katika jiji la Dar es Salaam, ambako upepo wa bahari huleta chumvi, bodi ya gari huliwa na kutu upesi, kwa kuwa maji ya chumvi huharakisha muungano wa chuma na oksijeni. Ndani ya injini, kinyume chake, chuma hufunikwa na utando wa oili. Ndiyo maana basi dogo la Toyota Hiace, lile ambalo wakazi wa jiji walilibandika jina la "kipanya", huweza kuwa chuma chakavu huku injini yake ya dizeli ingali nzima.

Mafundi wa Kinondoni na Temeke wanalifahamu jambo hilo. Injini iliyotolewa katika gari bovu hutiwa katika gari jingine lenye fremu imara, kwa mfano Land Rover ya zamani. Huko Marekani nako wako wanaofanya vivyo hivyo: injini kubwa za magari-nyumba ya miaka ya 1970, kama ile ya Dodge ya lita 7.2, hutolewa na kutiwa katika magari ya kale ya mbio. Magari hutofautiana, lakini kanuni za sayansi ni zile zile.

Tuanze na ukubwa wa injini. Injini ya dizeli iliyotumika katika Land Rover tangu 1961 ina silinda 4. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 90.47, na pistoni husafiri milimita 88.9. Mwanafunzi akitumia kanuni ya ujazo wa mcheduara atapata sentimita za ujazo 2,286. Injini ya Toyota iitwayo 3L, iliyofungwa katika baadhi ya Hiace, ina milimita 96 kwa vipimo vyote viwili. Ujazo wake ni 2,779. Ya kwanza hutoa nguvu za farasi 62, ya pili karibu 90.

Hata hivyo, nguvu pekee haitoshi. Hapana budi injini iungane na giaboksi. Matundu ya boliti ya injini moja hayalingani na ya giaboksi ya kampuni nyingine, kwa hiyo fundi mkerezaji hutengeneza bamba nene la chuma la kuunganishia. Kazi hii hudai usahihi mkubwa. Mhimili wa giaboksi usipokuwa katika mstari mmoja na ule wa injini, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, beringi na klachi huharibika mapema. Bakuli la oili nalo lazima lipimwe, lisije likagonga ekseli ya mbele gari linapopita katika mashimo.

Jambo la pili ni joto. Katika injini ya dizeli, takriban theluthi moja ya nishati ya mafuta hugeuka kazi. Sehemu kubwa iliyobaki hutoka kwa njia ya moshi na maji ya kupozea. Injini inayofanya kazi kubwa zaidi hutoa joto zaidi, na rejeta iliyokadiriwa kwa injini ndogo huenda isimudu, hasa katika foleni ambako gari halipati upepo.

Jambo la tatu, ambalo husahaulika mara nyingi, ni breki. Land Rover hizo za zamani zina breki za madramu katika magurudumu yote manne. Tuchukue gari lenye kilo 2,000 pamoja na mzigo. Likienda kilometa 70 kwa saa, nishati yake ya mwendo ni kilojuli 378 hivi. Injini mpya ikiliwezesha kwenda kilometa 100 kwa saa, nishati hiyo hufikia kilojuli 772. Mwendo haukuongezeka hata mara moja na nusu, lakini nishati imezidi mara mbili, kwa sababu hufuata kipeo cha pili cha mwendo. Breki zikisukuma kwa kani ile ile, umbali wa kusimama nao huzidi mara mbili. Tena madramu yakipata joto kali, msuguano hupungua, na umbali huo huongezeka zaidi. Mwenye gari hufurahia mlima aliopanda kwa wepesi. Mtoto anayevuka barabara hukutana na ile hesabu ya pili.

Kwa hiyo, fundi mwenye busara hupima mgandamizo wa kila silinda kabla ya kununua injini kuukuu, hukagua ekseli na rejeta, na hutengeneza breki kabla ya gari kuingia barabarani. Mwenye gari naye analo jukumu: namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari, na mabadiliko yake hayana budi kuarifiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Arifa hiyo pia humlinda mnunuzi asije akakutwa na injini ya wizi.

Walimu wa fizikia wanaweza kuwapa wanafunzi hesabu hizi darasani, kisha wakawapeleka katika karakana iliyo jirani. Huko wataona kwamba ujazo, joto, kani na nishati hufanya kazi kila siku mikononi mwa mafundi.