Tiba ya testosteroni: Kipimo kimoja hakitoshi

MWANAMUME anayelalamikia uchovu usiokwisha, kupungua kwa ashiki na kulegea kwa misuli huenda akaambiwa, baada ya damu yake kupimwa mara moja tu, kwamba homoni zake zimepungua na kwamba dawa ni sindano ya testosteroni. Kabla ya kukubali, ni vyema afahamu maana ya vipimo hivyo na athari za tiba yenyewe.

Testosteroni hutengenezwa hasa katika korodani, kwa amri ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Kiwango chake hakitulii. Hupanda asubuhi na kushuka kadiri siku inavyosonga. Ndiyo maana damu hutolewa kabla ya saa nne asubuhi, na kipimo kurudiwa siku nyingine. Maradhi ya ghafla, au hata ukosefu wa usingizi, huweza kukishusha kwa muda. Mtu aliyepimwa alasiri, au akiwa mgonjwa, anaweza kupachikwa upungufu asiokuwa nao.

Kwa mujibu wa mwongozo uliotolewa mwaka wa 2018 na chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo nchini Marekani, upungufu ni kiwango kilicho chini ya nanogramu 300 kwa desilita katika vipimo viwili vya asubuhi, na sharti mgonjwa awe na dalili. Baadhi ya maabara huandika nanogramu kwa mililita, ambapo 300 husomeka 3. Asiyetazama vizio atababaika bure.

Upungufu ukithibitishwa, hupimwa pia homoni mbili za pituitari, LH na FSH. Zikiwa juu, hitilafu iko katika korodani. Zikiwa chini, au za kawaida ilhali testosteroni ni kidogo, chanzo hutafutwa kwingine: uvimbe wa tezi, unene wa kupindukia, au matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu za jamii ya afyuni.

Jambo ambalo halipaswi kufichwa ni uzazi. Testosteroni inapotoka nje, pituitari huhesabu kwamba mwili umetosheka, ikaacha kuziamuru korodani. Mbegu za kiume hupungua au kukoma kabisa, na korodani husinyaa. Hata baada ya kuacha dawa, mbegu huweza kuchukua miezi mingi kurejea. Anayetamani mtoto karibuni hafai kuanza tiba hii. Na amweleze daktari mapema, kwani zipo njia nyingine.

Athari nyingine ni damu kuwa nzito. Testosteroni huchochea utengenezaji wa seli nyekundu, na sehemu ya damu inayochukuliwa na seli hizo ikipita asilimia 54, tiba husimamishwa au dozi kupunguzwa. Chunusi na uvimbe wa miguu hutokea pia. Matiti huweza kuvimba, kwa sababu sehemu ya testosteroni hugeuzwa mwilini kuwa estrojeni. Anayepaka jeli naye asiwaguse watoto wala mkewe kwa ngozi iliyopakwa, maana dawa huambukia ngozi yao.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2023, uliowahusisha wanaume zaidi ya 5,000 waliokuwa na maradhi ya moyo au hatari ya kuyapata, ulionyesha kuwa testosteroni haikuzidisha shtuko la moyo wala kiharusi. Hata hivyo, waliotumia dawa hiyo walipata kwa wingi zaidi mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, pamoja na damu iliyoganda kwenye mapafu.

Kwa hivyo, vipimo haviishi siku ya sindano ya kwanza. Miezi mitatu hadi sita baadaye, testosteroni na wingi wa seli nyekundu hupimwa tena, kisha kila mwaka. Wenye umri wa miaka 40 na zaidi huzungumza na daktari kuhusu kipimo cha PSA cha tezi kibofu. Maumivu ya kifua, kushindwa kupumua au mguu mmoja kuvimba ghafla ni dalili za kukimbilia hospitalini.

Anayedungwa bila kupimwa ni sawa na abiria aliyefumbwa macho. Daima dai karatasi ya matokeo, uihifadhi, na uulize kila tarakimu inamaanisha nini.