Jinsi ya Kumtunza Samaki Oska Aliyetoka kwa Mwingine

Mama mmoja akaaye mtaa wa Umoja, hapa Nairobi, ametuletea swali ambalo twaona yafaa lijibiwe mbele ya wasomaji wote. Kaka yake aliyekuwa akikaa Buruburu alifariki, na miongoni mwa vitu alivyoviacha ni tangi la kioo lenye samaki mmoja mkubwa, urefu wake shubiri moja na zaidi, aliyefugwa muda wa miaka saba. Watoto wa marehemu walikataa katakata samaki wa baba yao asiuzwe wala asiliwe. Basi mama akawachukua watoto, akamchukua na samaki. Leo ni siku ya sita, na samaki hali kitu. Rangi yake imekuwa nyeusi, na mara nyingine hulala ubavu chini ya tangi kama aliyekwisha kufa. Majirani wamemshauri mama amtie sufuriani kabla hajaoza. Auliza: Je, samaki huyu yu katika kufa? Na ikiwa sivyo, atunzwe namna gani?

Kwa swali la kwanza twaweza kumtuliza moyo. Samaki wa aina hii, aitwaye oska, akihamishwa hununa. Hujilaza ubavu, huwa mweusi, hukataa chakula siku kadhaa, na wengine hukaa hata wiki mbili bila kula. Mwenye mwili mnene aweza kustahimili njaa hiyo bila madhara. Lakini iko dalili moja ambayo si ya kununa: kama samaki yuko juu ya maji akihema mbio mbio, na mashavu yake yakifunguka na kufungika upesi, huyo yumo katika maji yenye sumu au yasiyo na hewa ya kutosha, na hapana budi asaidiwe saa ile ile.

Oska asili yake ni mto Amazon na matawi yake, huko Amerika ya Kusini. Ni wa jamii moja na ngege wetu wa Ziwa Victoria, naye kama ngege ni mlezi mwema, kwa maana mume na mke hulinda mayai na watoto wao pamoja. Karibu na mkia ana doa la duara mfano wa jicho, ambalo wataalamu wasema huwadanganya adui wasijue kichwa ni upande gani. Akilishwa vizuri hufikia sentimita 30 au zaidi, na aweza kuishi miaka kumi hata kumi na mitano. Kwa hiyo huyu wa miaka saba si mzee. Ni mtu mzima mwenye nusu ya maisha mbele yake. Tena humjua mlishaji wake. Atakapomwona mama akipita atakuja kiooni, na watoto watafurahi. Lakini hayo ni ya baadaye.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo huua oska wengi waliohamishwa, nalo ni usafi. Msomaji atashangaa, lakini ndivyo ilivyo. Mtu akipewa tangi kuukuu, kwanza hulisugua. Hutoa sponji ya kichujio, huiona imejaa matope ya rangi ya kahawa, huiosha kwa maji ya bomba, pengine na sabuni, mpaka iwe nyeupe. Amekwisha kumuua samaki wake bila kujua. Katika matope yale mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vifanyavyo kazi ya kusafisha maji. Samaki hutoa amonia kwa mashavu na kwa mavi yake. Amonia ni sumu kali. Kundi moja la vijidudu huigeuza kuwa sumu ya pili iitwayo naitraiti, na kundi lingine huigeuza hiyo kuwa naitreti, ambayo haina ukali mwingi na huondolewa kwa kubadilisha maji. Vijidudu vikifa, yachukua wiki nne hata sita kuvipata upya, na muda wote huo samaki anakaa ndani ya choo chake mwenyewe.

Kwa hiyo mwenye kuhamisha samaki ahamishe kichujio kikiwa kibichi, ndani ya ndoo yenye maji ya tangi la zamani, wala kisikawie njiani. Sponji ikizidi kujaa, ikamuliwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa tanginì, si chini ya bomba. Samaki mwenyewe asilishwe siku moja kabla ya safari, naye asafirishwe katika ndoo kubwa yenye kifuniko na maji ya kumfunika mgongo vizuri, gizani. (Tumeona mtu akimbeba samaki wa namna hii kwa bodaboda katika mfuko mmoja wa plastiki. Miiba ya mapezi ilitoboa mfuko kabla ya kufika mzunguko wa barabara.) Akifika, maji ya tangi jipya yatiwe ndooni kidogo kidogo kwa muda wa dakika arobaini na tano hivi, kisha ndipo ahamishwe.

Kama mama alikwisha kuosha kichujio, bado kuna njia. Anunue dawa ya kupimia amonia katika duka la samaki wa mapambo, apime kila siku, na kila ionekanapo abadilishe theluthi moja ya maji. Asimlishe samaki mpaka maji yatulie. Na kama yuko rafiki mwenye tangi lenye samaki wazima, amwombe kipande cha sponji chafu. Kipande hicho ni chachu ya kuanzishia.

Tangi la oska mmoja lisipungue lita 300, yaani urefu sentimita 120, na upana na kimo sentimita 50 kila kimoja. Maji hayo pekee ni kilo 300, mbali na kioo. Katika magorofa ya Umoja, Donholm na Kayole lisiwekwe katikati ya sakafu, bali kando ya ukuta mnene, juu ya meza ya chuma iliyo sawasawa. Mafundi wa jua kali hutengeneza meza hizo vizuri wakipewa vipimo. Anayekaa chumba kimoja katika nyumba za zamani za Kaloleni au Bahati na afikiri mara mbili kabla ya kupokea zawadi hii. Kifuniko chenye uzito ni lazima, maana oska huruka. Mapambo si lazima, kwa sababu atayang'oa yote na kuyapanga apendavyo.

Maji yetu mengi hutoka bwawa la Ndakaini, nayo hutiwa klorini, ambayo huchoma mashavu ya samaki na kuua vile vijidudu. Yawekwe wazi katika pipa siku nzima, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini iuzwayo dukani. Kila wiki yabadilishwe kama lita 100, ndiyo mitungi mitano ya lita ishirini. Twajua kwamba katika mitaa ya Eastlands maji huja kwa zamu, na siku ya zamu kila mtu ana foleni yake. Basi pipa la samaki liwe mbali na pipa la jikoni, lijazwe siku ile ile maji yajapo. Maji ya visima virefu ya mchuuzi wa mkokoteni yaweza kuwa na chumvi na floraidi nyingi kuliko ya bomba, wala yasitiwe kwa ghafula kwa samaki aliyezoea ya bomba. Maji yatokayo tanginì yasimwagwe. Ni mbolea njema kwa sukuma wiki, ila yakiwa yametiwa dawa ya ugonjwa.

Joto lataka uangalifu zaidi hapa kwetu kuliko Mombasa. Oska apenda digrii 24 hata 28. Usiku wa mwezi wa Julai Nairobi hushuka hata karibu na digrii 10, na maji yasiyopashwa hufuata polepole. Samaki aliyepoa hasagi chakula, na ugonjwa humwingia. Kwa tangi la lita 300 hita ya wati 300 yatosha. Ikiwaka jumla ya saa nane kwa siku itatumia yuniti 2.4 za umeme, na jambo hili lihesabiwe kabla ya kumpokea samaki, si tokeni zikiisha usiku wa manane. Umeme ukikatika, tangi lifunikwe blanketi pande tatu na chupa za maji ya moto zilizofungwa barabara zielee juu yake. Pampu ndogo ya hewa itumiayo betri ni akiba ya maana sana, kwa kuwa vijidudu vya kichujio navyo huvuta hewa, na maji yakisimama muda wa saa kadhaa huanza kufa. Tena mji wetu uko juu kiasi cha mita 1,650, ambapo maji hubeba hewa pungufu ya ile ya pwani kwa karibu sehemu moja katika sita. Basi pampu ya hewa si pambo.

Chakula: mkubwa alishwe mara moja kwa siku, na siku moja ya wiki afunge. Punje za dukani ziwe ndiyo ugali wake. Mboga yake iwe nyungunyungu wa shamba lisilopigwa dawa, kamba walioambuliwa, panzi, au vipande vya samaki. Nyama ya ng'ombe na kuku isizoezwe, maana mafuta yake hayamfai. Samaki wadogo hai wanunuliwao dukani humletea magonjwa. Ataomba kila saa kwa macho ya huruma, asisadikiwe.

Akionekana na matundu madogo kichwani, jambo la kwanza ni kutazama maji na chakula chake, kwa kuwa ugonjwa huo mara nyingi huandamana na maji machafu na chakula cha aina moja. Madoa meupe kama chembe za chumvi ni ugonjwa mwingine. Huo hutibiwa kwa dawa ya duka na kupandisha joto polepole hata digrii 30, hewa ikiongezwa.

Neno la mwisho ni kwa wale wanaochoka. Asitupwe Nairobi Dam wala mtoni. Mto Nairobi huingia Athi, na Athi hushuka mpaka Sabaki na pwani, mahali ambapo maji ni ya joto kama kwao. Huko Florida, Marekani, na Queensland, Australia, oska waliotupwa wamezaana mitoni. Nasi tumekwisha kuona: sangara aliyetiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960 alimaliza aina nyingi za fulu, na gugu-maji, ambalo nalo latoka Amerika ya Kusini, lilienea ziwani humo tangu mwisho wa miaka ya 1980 na hata Nairobi Dam likaifunika. Asiyeweza kuendelea amrudishe kwa muuza samaki, au ampe mfugaji mwenye tangi kubwa, pamoja na kichujio chake kibichi.

Mama wa Umoja apime amonia leo. Ikiwa hakuna, azime taa ya tangi, afunike kioo cha mbele kwa kitambaa siku mbili, awakataze watoto kugonga kioo, kisha jioni adondoshe nyungunyungu mmoja. Akimkataa, amtoe baada ya robo saa, ajaribu tena kesho kutwa.